Saa 15 kwenye kiti cha ekonomi: mwongozo wa safari ya Nairobi hadi New York

Tangu Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, tarehe 28 Oktoba 2018, msafiri wa Afrika Mashariki aendaye Marekani ana njia mbili. Moja ni hiyo ya Boeing 787 isiyotua popote: karibu kilomita 11,850, saa 15 hivi kwenda na saa 14 kurudi. Nyingine ni kuunganisha kupitia London, Amsterdam, Addis Ababa, Doha au kwingineko. Ukitokea London, bahari yenyewe huvukwa kwa saa saba na nusu au nane. Kurudi ni kufupi kwa sababu huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unapambana nao, ukirudi unakusukuma.

Kiti cha ekonomi kina upana wa sentimita 43 hivi, na kutoka mgongo wa kiti chako hadi mgongo wa kiti cha mbele ni sentimita 78 hadi 81. Vipimo hivyo ndivyo vilivyo, hata ulalamike vipi. Kilicho mikononi mwako ni kiti kipi, umevaa nini, kuna nini miguuni pako na unalala wakati gani, na karibu yote hayo huamuliwa kabla ndege haijaondoka.

Hatua ya 1: Tiketi, jina na tarehe

Kama unaunganisha, safari yote iwe kwenye tiketi moja. Tiketi mbili tofauti huweza kukuokolea pesa, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako: umekosa ndege, nunua nyingine. Tena mara nyingi utatakiwa kuchukua mizigo katikati ya safari na kuikabidhi upya, na hapo huenda ukahitaji visa ya nchi ambayo hukuwa na shida nayo.

Visa ya kupita ndiyo inayowaangusha wengi kaunta. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huhitaji visa ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia visa moja) hata asipotoka nje ya jengo, isipokuwa awe na kitu kama visa halali ya Marekani au Kanada. Uingereza nayo ina orodha yake. Marekani haina kabisa eneo la abiria wa kupita tu: anayekwenda Mexico kupitia New York ataingia Marekani kwanza, kwa hiyo lazima awe na visa yake.

Jina kwenye tiketi lifuate pasipoti herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, na mfumo wa tiketi huyabana pamoja, kwa mfano HASSAN/ALIJUMA MR. Hilo ni la kawaida, usihangaike. Tatizo ni jina la ukoo lililowekwa mahali pa jina la kwanza, au herufi iliyopotea. Rekebisha siku unayonunua, maana ukisubiri hadi uwanjani utalipa, na pengine usisaidiwe.

Tazama pia tarehe. Ndege ya 00:30 tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatakiwa uwanjani jioni ya tarehe 11. Kila mwaka kuna watu wanaofika wakiwa wamepamba masanduku, ndege ikiwa imeshaondoka usiku uliotangulia. Na 23:40 ni saa tano na dakika arobaini usiku. Ukimtumia dereva ujumbe, mwandikie kwa saa anazozitumia yeye.

Mwisho, andika kwenye karatasi anwani kamili ya utakakolala usiku wa kwanza Marekani: namba ya nyumba, mtaa, mji, jimbo na namba ya posta. Asiye raia wala mkazi wa huko huulizwa anwani hiyo kabla ya kupewa pasi ya kupandia. "Kwa shangazi yangu, Minneapolis" haitoshi.

Hatua ya 2: Kiti

Hapa ndipo safari ya ekonomi huharibika au hufanikiwa. Boeing 787 na Airbus A350 hupangwa viti 3-3-3. Airbus A330 ni 2-4-2, nzuri mno kwa watu wawili kwa sababu mnapata viti viwili vya pembeni bila mgeni. Boeing 777 siku hizi mara nyingi ni 3-4-3, na hapo kiti hupungua upana.

Dirishani unapata ukuta wa kuegemeza kichwa na hakuna anayekuamsha, lakini ukitaka kwenda chooni unawaamsha wawili. Njiani unatoka upendavyo, ila unaamshwa. Wengi hawajui kwamba viti vya njiani havilingani. Kwenye mpango wa 3-3-3, kiti cha njiani cha upande wa dirisha kina watu wawili ndani yake, na wote lazima wapite kwako. Kiti cha njiani cha kundi la katikati kina jirani mmoja tu, naye ana pande mbili za kutokea. Kwa mtu anayetaka kunyoosha miguu na bado alale, hicho ndicho bora.

Safu ya mbele yenye ukuta huonekana kubwa kwenye picha, na ina kasoro zake. Meza na skrini hukaa ndani ya mikono ya kiti, hivyo mikono hainyanyuki na kiti kinabana zaidi. Begi lako lote lazima liende juu wakati wa kuruka na kutua. Na hapo ndipo vitanda vya watoto wachanga hufungwa, kwa hiyo tarajia kilio. Kama mtoto ni wako, basi ndiyo safu yako: piga simu kwa shirika mapema uombe kitanda hicho, uulize na kikomo cha uzito wake, kwa kuwa hutofautiana na mtoto mkubwa kidogo hukataliwa.

Viti vya mlango wa dharura vina nafasi ya miguu, baridi nyingi, na masharti: lazima uwe mtu mzima mwenye uwezo wa kusaidia kufungua mlango, na wajawazito hawakubaliwi. Safu ya mwisho kabisa iepuke. Mara nyingi mgongo wake haulali sawasawa, na foleni ya choo husimama begani pako. Anayeogopa mtikisiko akae usawa wa mabawa.

Usipotaka kulipia kiti, ingia mtandaoni dakika ileile kaunta ya mtandaoni inapofunguka, saa 24 hadi 48 kabla ya safari kutegemea shirika. Vizuri vinavyobaki bure huisha haraka.

Hatua ya 3: Mizigo

Safari nyingi za Marekani huruhusu sanduku moja au mawili ya kilo 23, kila moja lisizidi sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kina. Soma tiketi yako, kwani bei za chini kabisa wakati mwingine hazina sanduku hata moja. Begi la mkononi ni kilo 7 kwa mashirika kadhaa na hadi 12 kwa mengine. Pima nyumbani.

Vimiminika mkononi viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wa lita moja. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni unga: kwa ndege ziendazo Marekani, unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350, ujazo wa kopo la soda, hukaguliwa upya ukiwa kwenye begi la mkononi, na unaweza kuachwa. Unga wa ugali, wa uji, bizari ya pilau, vyote viende kwenye sanduku kubwa. Maziwa ya unga ya mtoto huruhusiwa mkononi, ila yatoe kando wakati wa ukaguzi.

Miraa usijaribu: huko Marekani huhesabiwa dawa ya kulevya kisheria, na Uingereza pia tangu 2014. Nyama, hata iliyokaushwa, na matunda mabichi hunyang'anywa, na usipotamka kwamba unavyo, unatozwa faini. Chakula chochote kingine kitamke tu. Kutamka hakuna adhabu. Fedha taslimu zikizidi dola 10,000 hazikatazwi, lakini lazima zitamkwe.

Pawabenki ibebe mkononi, kamwe isiingie kwenye sanduku la chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, takriban mAh 27,000. Ile ya mAh 20,000 ina wati-saa 74, hivyo iko salama. Angalia namba zisomeke, maana iliyofutika huchukuliwa. Mashirika kadhaa sasa hayataki uitumie wala kuichaji ukiwa angani, kwa hiyo simu iwe imejaa kabla ya kupanda. Tena, kwa ndege za Marekani mkaguzi anaweza kukuambia uwashe simu au kompyuta, na isiyowaka hukaa nyuma.

Dawa zote mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na nakala ya cheti cha daktari. Insulini haiwekwi chini, huko inaweza kuganda. Mjamzito aulize shirika mapema: mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa baada ya wiki ya 36.

Sasa ugawe begi la mkononi mara mbili. Kubwa liende juu. Dogo, la kitambaa, likae chini ya kiti cha mbele likiwa na vya safari tu: soksi, leso au kikoi, kifuniko cha macho, viziba masikio, mswaki, mafuta ya midomo, dawa, chaja, kalamu, pasipoti na chupa tupu ya maji. Anayeweka kila kitu juu husimama mara kumi na kuwakanyaga majirani. Leso moja hufanya kazi ya vitu vinne: shuka juu ya blanketi la ndege, kivuli usoni, mto ukiikunja, na pazia la mama anayenyonyesha.

Hatua ya 4: Uwanjani

Kwa ndege ya Marekani kutoka Jomo Kenyatta, saa nne kabla si nyingi. Ukaguzi ni wa hatua nyingi: mlango wa jengo, kisha kaunta, uhamiaji, na mwisho ukaguzi wa ziada getini. Huo wa mwisho ndio unaokula maji: ukijaza chupa mapema, utaimwaga hapo. Ijaze ukishapita, au umwombe mhudumu baada ya kupanda.

Kaunta, tazama karatasi inayofungwa kwenye sanduku lako. Ina herufi tatu za uwanja wa mwisho. Unakwenda Minneapolis, iandikwe MSP; ukiona JFK (uwanja wa New York) peke yake, uliza hapohapo. Kile kipande kidogo cha namba kinachobandikwa kwenye pasi yako usikitupe.

Herufi SSSS kwenye pasi ya kupandia maana yake umechaguliwa kupekuliwa zaidi. Si mashtaka. Wahi getini tu.

Kula chakula kizito saa mbili kabla ya kupanda. Angani shinikizo la hewa hupungua na gesi tumboni hutanuka, hivyo maharage, kabichi na soda siku hiyo viache. Vaa nguo za kulegea, tabaka mbili au tatu, na viatu vinavyovulika bila kuinama. Miguu itavimba kidogo, na kiatu cha kubana hakitarudi.

Hatua ya 5: Dakika kumi za kwanza kitini

Kabla mlango haujafungwa, jaribu skrini, tundu la chaja, taa na mgongo wa kiti. Kibovu ukikisema sasa, huenda ukahamishwa. Ukikisema baada ya saa tatu, utapewa pole. Viti vitupu huhamiwa baada ya mlango kufungwa na kwa kumwomba mhudumu; anayejihamisha mapema hurudishwa mbele ya watu.

Pasipoti isikae kwenye mfuko wa kiti. Humo husahaulika kuliko popote. Funga mkanda juu ya blanketi, uonekane, ili kukitokea mtikisiko mhudumu asikuamshe kukukagua. Na simu ikidondokea katikati ya viti, usisogeze kiti hata kidogo. Mwite mhudumu. Mashine ya kiti ikiiponda betri, inawaka moto.

Hatua ya 6: Chakula na usingizi

Safari ina milo miwili mikuu: wa kwanza saa moja au moja na nusu baada ya kuruka, wa mwisho saa mbili hivi kabla ya kutua. Katikati kuna vitafunio jikoni, nyuma ya mapazia, ambavyo havitangazwi sana; nenda ukaombe. Panga kila kitu kwa kufuata milo hiyo. Choo, kwa mfano, nenda pindi toroli zinapoanza kutayarishwa, kwani zikishajaa njiani hupiti, na trei zikiondolewa kila mtu anasimama kwa pamoja. Vaa viatu ukienda. Unyevu ulioko sakafuni si maji.

Mlo maalumu, uwe wa halali, usio na nyama, wa mwenye kisukari au wa mtoto, huagizwa saa 24 kabla, mashirika mengine 48. Wa halali una alama MOML kwenye tiketi. Hakikisha imeandikwa kwa kila ndege ya safari, si ya kwanza tu. Wenye mlo maalumu huhudumiwa kabla ya toroli, kwa hiyo wanamaliza mapema na kulala mapema. Ulimi hupoteza ladha angani. Kichupa cha pilipili chini ya mililita 100 kimeokoa kuku wengi.

Hewa ya ndani ni kavu, mara nyingi unyevu wake hauzidi asilimia 20. Kunywa glasi moja kila saa ukiwa macho, paka midomo mafuta, na lenzi za macho zivue. Kwenye 787 hewa hubanwa kulingana na mwinuko wa mita 1,800, ambao ni uleule wa Nairobi. Ndege za zamani hufika 2,400. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ndiye atakayehisi kichwa kizito. Pombe huzidisha yote mawili, ukavu na uchovu.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi huondoka usiku wa manane na kufika New York asubuhi, huku mwili ukidhani ni alasiri. Tofauti ni saa nane wakati wa baridi yao na saba wakati wa kiangazi. Siku nzima bado iko mbele yako, kwa hiyo lala mara mbili: ukishakula tu, lala saa sita au saba kama usiku wa kawaida, kisha, saa nne au tano kabla ya kutua, lala tena saa mbili.

Kutoka Ulaya kwenda Marekani mchana ni kinyume chake: usilale zaidi ya saa moja, ili usiku wa huko ukukute umechoka. Na ngumu kuliko zote ni ya usiku kutoka New York kwenda Ulaya, saa sita au saba tu. Ukingoja mlo wa kwanza na kuamka kwa kifungua kinywa, umebaki na saa tatu. Kula uwanjani, mwambie mhudumu usiamshwe, ufunike macho kabla taa hazijazimwa.

Dawa za usingizi hatuzishauri. Zinakulaza umekunja miguu kwa saa nyingi bila kujigeuza, na hapo ndipo damu huganda.

Hatua ya 7: Miguu na masikio

Damu kuganda kwenye mishipa ya mguu ni hatari ya safari yoyote inayozidi saa nne, na huongezeka kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, mnene sana, au aliyewahi kuganda damu. Hao wamwone daktari kabla. Wengine wote: kila saa, ukiwa umekaa, nyanyua visigino mara 20, kisha vidole mara 20, hadi misuli ya mashavu ya miguu ichoke, kila saa mbili tembea hadi nyuma na kurudi. Soksi za kubana zifike chini ya goti, ziwe za shinikizo la 15 hadi 20 mmHg, na zivaliwe nyumbani kabla mguu haujavimba.

Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Mwamshe mtoto umnyonyeshe au umpe chupa, kwa kuwa kumeza ndiko kunakofungua masikio. Mtu mzima apige miayo, atafune, au abane pua na kupuliza taratibu mdomo ukiwa umefungwa. Mwenye mafua apulize dawa ya kuzibua pua dakika 30 kabla.

Hatua ya 8: Kufika

Marekani uhamiaji kwa kawaida hufanyika kwenye uwanja wa kwanza unaotua, hata kama tiketi yako inaendelea. Baada ya alama za vidole na picha, chukua masanduku yako, pita forodha, kisha yakabidhi tena kwenye kaunta iliyo mbele kidogo. Wengi huyaacha yakizunguka kwenye mkanda wakiamini yanajipeleka. Kabla ya kuyakabidhi, toa marashi, asali na chupa za dukani kwenye begi la mkononi uzitie sandukuni, kwani mbele kuna ukaguzi mwingine wa mililita 100. Kati ya majengo ya JFK treni ya AirTrain ni bure. Acha nafasi ya saa tatu au zaidi kabla ya ndege inayofuata.

Sanduku lisipoonekana, usitoke ukumbini. Nenda kaunta ya mizigo na kile kipande cha namba, na usiondoke bila karatasi yenye namba ya taarifa.

Usiku wa kwanza jikaze hadi saa tatu, tembea nje kukiwa na mwanga. Uvimbe wa miguu yote miwili huisha kwa siku moja au mbili. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu au ukawa wa moto, hata baada ya wiki mbili, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie umetoka safari ndefu ya ndege. Ukibanwa kifua au kukosa pumzi, piga 911 papo hapo.